SOMO: KUPIGA PICHA ZA ZIWA LETU



Somo la safari hii si la kuimba, wala si la kilimo cha kahawa. Ni juu ya kupiga picha za ziwa, milima, na viumbe tunavyoviona kila siku huku kwetu. Labda mtu atauliza jambo hili lina haja gani katika gazeti la parokia. Namwomba asome kwanza habari ifuatayo, kisha aamue mwenyewe.

Mwaka 2017, mwezi wa Juni, nilimchukua marehemu mama yangu kutoka Namswea, tukateremka hadi Mbamba Bay. Yeye alizaliwa pwani ya ziwa, akaolewa huku juu, na katika uzee wake alikuwa akiniambia mara kwa mara, "Mwanangu, nipeleke nikalione ziwa kabla sijafunga safari." Tulifika yapata saa kumi na moja jioni. Akaketi juu ya jiwe, akatia miguu majini kama mtoto. Jua lilikuwa linatua nyuma yake na maji yote yalikuwa na rangi ya shaba. Nikatoa simu, nikapiga picha kama arobaini. Akasema, "Hebu nione." Nikamwonyesha, lakini macho yake yalikuwa yamefifia, naye hakusema kitu.

Alifariki mwaka uliofuata. Siku ya arobaini wajukuu waliomba kuiona picha ya mwisho ya bibi yao. Katika picha zile zote hapakuwa hata moja yenye uso wake. Jua lilionekana, maji yalionekana, na milima ya ng'ambo. Bibi alikuwa kivuli cheusi. Mtoto mmoja mdogo akauliza, "Huyu ni bibi, au ni kisiki?"

Simu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, nami nalieleza hapa ili lisiwe lako. Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza, kwa kuuliza wanaojua na kwa kuharibu picha nyingi, na haya ndiyo niliyoyapata.

JUA LIKO WAPI?

Jambo la kwanza kabla hujaitoa simu mfukoni ni kujiuliza jua liko upande gani. Jicho la mwanadamu laweza kutazama mahali penye jua kali na penye kivuli kwa wakati mmoja, likaona pote. Kamera haiwezi hivyo. Hapana budi ichague. Ikiupokea mwanga wa anga vizuri, uso wa mtu huwa mweusi. Ikiupokea uso vizuri, anga huwa jeupe kama karatasi. Ndiyo maana mama yangu alikuwa kisiki.

Sasa angalia jinsi nchi yetu ilivyokaa. Pwani yetu ya Ziwa Nyasa inatazama magharibi. Milima iko nyuma yetu, upande wa mashariki, na ziwa liko mbele. Asubuhi jua hutoka nyuma ya milima, na jioni hutua ng'ambo, upande wa Malawi. Maana yake ni kwamba ukilitazama ziwa asubuhi jua liko mgongoni mwako, na ukilitazama jioni jua liko usoni. Wenzetu wa Malawi, wakiwa ng'ambo ile, mambo yao ni kinyume: wao huona jua likichomoza juu ya maji.

Basi, ukitaka picha ya mtu jioni, fanya jambo ambalo karibu kila mgeni husahau kufanya: geuka, ulipe ziwa mgongo. Wewe simama upande wa maji, yeye asimame nchi kavu akikutazama, na milima iwe nyuma yake. Jua la saa kumi na moja litampiga usoni kwa mwanga laini wa rangi ya dhahabu, na milima nayo itaonyesha kila bonde na kila mgongo. Kama jua linamfanya afinye macho, mwambie ageuke kidogo, mwanga umpate shavuni. Laiti ningalifanya hivyo siku ile! Ingalitosha kumgeuza mama juu ya jiwe lake.

Lakini kama wataka mtu pamoja na jua linalotua, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuwasha mwanga wa kamera, na mtu awe karibu, hatua mbili au tatu tu, kwa kuwa mwanga ule haufiki mbali. Ya pili ni kungoja. Jua likisha kuzama, usiende zako. Subiri dakika kumi au kumi na tano. Anga hubaki na rangi, na mwanga wake hupungua hata ukakaribiana na ule ulio usoni mwa mtu. Huko kwetu usiku huingia upesi. Tangu jua liguse mgongo wa milima ya ng'ambo hadi litoweke ni dakika mbili na kidogo tu. Kwa hiyo uwe umejipanga mapema.

Karibu simu zote za siku hizi zinaruhusu jambo jingine pia. Ukiugusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, kamera hupima mwanga pale ulipogusa. Ukigusa anga, itapima anga. Wengi hawajui hata kidogo kwamba wanaweza kuichagulia kamera. Jaribu leo ukiwa umesimama mlangoni: gusa kiti kilicho ndani, kisha gusa ua wa nje, uone picha inavyobadilika.

Na kabla ya yote hayo, futa lenzi. Simu inakaa mfukoni pamoja na vumbi, na vidole vyetu vina mafuta ya samaki. Lenzi yenye mafuta hugeuza jua kuwa donge la ukungu. Kitambaa safi cha pamba chatosha. Si ncha ya shati uliyolimia.

SAA NA MAJIRA

Asubuhi mapema pwani bado imo katika kivuli cha milima, hali mwanga umekwisha kufika mbali juu ya maji. Ukikaa kimya utaona mpaka wa kivuli ukisogea pole pole kutoka kule kuja ufukweni. Saa hizo ziwa aghalabu hutulia, na mtumbwi huonekana mara mbili, mmoja juu na mmoja ndani ya maji. Upepo ukianza, kioo kile huvunjika, na hukipati tena mpaka kesho.

Mchana wa saa sita si wakati wa picha za nchi. Sisi tuko kwenye latitudo ya kusini kama digrii 11, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na tena katika Februari. Siku hizo za mchana kila kitu hukosa kivuli na milima huonekana kama ukuta uliopakwa rangi moja. Mwezi wa Juni ni afadhali, maana jua hupita upande wa kaskazini.

Nitatoa mfano mmoja kutoka huku juu, kwa kuwa msafiri atokaye Namswea atayapita mashamba kabla ya kuyaona maji. Mnayajua mashimo ya ngoro, ambayo Wamatengo huyachimba katika miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Nyasi hufyekwa, hupangwa mistari ya kukatana, hufunikwa kwa udongo, na kati ya mistari hubaki shimo. Wataalamu wamesafiri kutoka nchi za mbali, hata Japani, kuja kuyasoma. Ukiupiga picha mteremko wa ngoro saa sita, huoni mashimo. Waona kilima cha udongo tu. Upige saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, wakati jua linapopita ubavuni, na kila shimo litajaa kivuli chake, mlima wote uonekane kama sega la nyuki. Shamba ni lile lile. Kilichobadilika ni saa.

Kwa majira, jihadharini na miezi ya Agosti hadi Oktoba. Nyasi zinachomwa kila mahali, anga linajaa moshi, na milima ya ng'ambo hupotea kabisa. Jua la jioni wakati huo huwa jekundu, laweza kutazamwa bila kuumiza sana, na watu hulipenda. Lakini ukitaka kuona mbali usihangaike. Ngoja mvua. Mvua ikinyesha usiku na kukatika alfajiri, hewa huoshwa, na kutoka kwenye miteremko ya barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay waliona ziwa lote chini yako na mwambao wa Malawi. Barabara hiyo siku hizi ina lami, kwa hiyo aliyetoka nyumbani mapema huwahi mwanga mzuri. Ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo mahali pengi yapita mita 1,500. Hebu fikirini, ni mteremko wa zaidi ya mita elfu moja.

Kusi la kuanzia Mei hadi Agosti huleta mawimbi makubwa. Picha za mawimbi yakipasuka juu ya miamba hupatikana majira hayo. Picha hizo zipigwe kutoka nchi kavu, nami nitalirudia jambo hili.

NINI KIWEMO NA NINI KISIWEMO

Kosa la pili la wengi wetu ni kupiga picha ya maji na anga peke yake. Ulipokuwa umesimama pale ulisikia upepo, ukanusa usipa wanaoanikwa, ukaona ukubwa wa ziwa, ukafurahi. Picha haina harufu wala upepo. Mtu aliye Dar es Salaam akiitazama huona mistari miwili tu, wa buluu na wa kijivu. Tia kitu karibu nawe: mtumbwi uliovutwa mchangani, jiwe, mzizi wa mti, nyavu zilizotandazwa. Kitu hicho kitamwonyesha mtazamaji mahali pa kusimama na kumpa kipimo cha kilicho mbali.

Piga magoti. Wengi hupiga picha wakiwa wamesimama wima kana kwamba wako kwenye gwaride. Ukishusha simu mpaka karibu na mchanga, mtumbwi mdogo huinuka na kuwa chombo.

Mstari wa maji uwe sawa. Ziwa lililoinama upande mmoja, kana kwamba maji yatamwagika, ni aibu ya mpiga picha, na ni rahisi kuliepuka: tazama mstari ule kabla ya kubonyeza. Tena usiuweke katikati kabisa kila mara. Kama anga lina mawingu ya kupendeza, lipe nafasi kubwa; kama ni jeupe tupu, lipunguze, uonyeshe maji na mawe.

Mwamba ulioko Liuli ni mwalimu mzuri wa mambo haya. Wajerumani waliuona unafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, hata wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Ukiutazama kutoka mahali pasipofaa, au mchana jua likiwa juu, ni rundo la mawe. Ukizunguka mpaka upate upande wake, jua likiwa limeinama, utaona kichwa na kifua vikitokea. Wageni wengi hushuka, hupiga picha moja mahali waliposhukia, huondoka, kisha husema wazee walidanganya. Hawakudanganya, mgeni hakutembea.

Usivute picha kwa vidole ili kukuza kilicho mbali. Simu nyingi hukuza kwa kukata tu, na furukombe aliye juu ya mti huwa doa la kahawia. Tembea umkaribie, au mwache awe mdogo ndani ya picha kubwa yenye mti na maji. Kwa ndege, dawa ni subira. Yule mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa, kisha akajitupa majini, ana kituo chake. Akimaliza kula hurudi pale pale. Keti karibu na kituo hicho nusu saa bila kusema, simu ikiwa tayari, naye atakuzoea. Mimi binafsi sina subira hiyo. Nimepata mkia wake mara nyingi kuliko kichwa.

Kitu kimoja cha ziwa letu ambacho mgeni hakiamini mpaka akione ni wale wadudu wadogo wanaotoka majini kwa mamilioni, wakapanda juu kama nguzo za moshi. Mtu aliye mbali hudhani meli inawaka moto. Ukiwapiga peke yao, mtazamaji ataona moshi tu. Weka ndani ya picha mtumbwi, au ukingo wa pwani, ili urefu wa nguzo ile ujulikane.

Usiku, wavuvi wa usipa wakiwasha taa zao, ziwa huwa kama mji. Picha hiyo haipatikani kwa mkono, maana mkono hutikisika na kamera usiku huhitaji muda mrefu kupokea mwanga. Iegemeze simu kwenye jiwe, zima mwanga wake, weka ile saa ya kuchelewesha sekunde chache, bonyeza, uiachilie. Jiwe ni mguu wa kamera usiouzwa dukani.

ADABU NA HATARI

Pwani si mali ya mpiga picha. Ni bafu, ni jiko, ni dobi, ni soko. Akina mama wanaoga na kufua pale kwa saa zao, na watoto wanacheza bila nguo. Kuwapiga picha hao ni kuwavunjia heshima, hata kama nia yako ilikuwa maji yaliyo nyuma yao. Geuza kamera, au rudi baadaye. Mvuvi anayetengeneza nyavu msalimie kwanza. "Shikamoo mzee, naomba nipige picha ya mtumbwi wako" ni maneno machache, na mara nyingi atakuambia pia mti gani ulichongwa, na uliletwa kutoka wapi. Akikataa, umshukuru. Ukiahidi kumletea picha, mletee. Watu wa pwani wamepigwa picha zaidi ya miaka mia na wageni wa kila namna, na wengi hawakuziona kamwe.

Bandari, meli zikiwa gatini, vituo vya polisi na mahali pa walinzi wa mpaka, usivipige bila kuomba ruhusa.

Juu ya hatari, nasema tena: usisimame ndani ya mtumbwi ili upate picha. Ziwa hili lina kina cha mita kama 700 mahali pengine, na hubadilika ghafula. Wasomaji wetu wanajua habari ya Askofu Chauncy Maples, aliyefanya kazi ziwani miaka mingi na kulijua vema, ambaye mwaka 1895 chombo chake kilipinduka katika dhoruba naye akazama. Mimi sikuzama, lakini simu yangu ya kwanza ilizama karibu na Lundu, nilipojinyosha kuwapiga picha samaki wadogo wenye rangi ya buluu walio kati ya mawe. Picha zote za mwaka mzima zilikwenda nayo, pamoja na vile vivuli vyeusi vya mama. Nilikuwa nimevichukia, na bado nalivilia.

PICHA KAMA USHAHIDI

Sasa naja kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko uzuri wa picha.

Ziwa halikai mahali pamoja. Kila mwaka maji hupanda baada ya mvua, yakawa juu karibu na Mei, kisha hushuka mpaka mwisho wa kiangazi, tofauti ikiwa kadiri ya mita moja. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini yapo mabadiliko ya miaka mingi. Mto Shire, ambao ni njia pekee ya maji ya ziwa hili kutoka, ulikauka mlangoni, na tangu 1915 hadi 1935 maji hayakutoka ziwani, kwa kuwa ziwa lilikuwa chini. Kisha likapanda, na miaka ya 1979 na 1980 lilifika juu sana, likafuata nyumba na mashamba ya watu. Mahali mtoto alipocheza mpira, babu yake aliegesha mtumbwi.

Ukiwauliza wazee wawili maji yalifika wapi, watakuonyesha mahali pawili tofauti, na kila mmoja ataapa. Nimesikia mashauri ya mipaka ya viwanja vya pwani yakichukua asubuhi nzima kwa sababu mwembe uliotajwa na mmoja haukukumbukwa na mwingine. Picha moja yenye tarehe ingalimaliza shauri lile kabla ya chai. Vivyo hivyo miti ya milimani: tunasema misitu imeisha, au tunasema imerudi, lakini nani ana picha ya mlima ule wa miaka ishirini iliyopita?

Picha za zamani za pwani yetu zilipigwa zaidi na wamisionari na watu wa serikali, nazo zilikwenda Ulaya. Hatuwalaumu, walifanya kazi. Lakini zilizo nyingi hazikubaki mikononi mwetu. Leo karibu kila nyumba ina kamera ndani ya simu, na bado hatuna.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kila mtaa uchague mahali pamoja pa kusimamia. Pawe juu ya mwamba au ngazi ya kanisa, kitu kisichooza wala kukatwa, usichague mti. Mtu asimame pale pale, aelekeze kamera upande ule ule, na ndani ya picha kiwemo kitu kingine cha kudumu, kama jiwe kubwa la majini. Apige mara mbili kwa mwaka: Mei maji yakiwa juu, na Novemba yakiwa chini, kabla mvua hazijakolea. Picha ya mara ya kwanza aibebe iliyochapishwa, ailinganishe akiwa pale. Asubuhi ndiyo saa bora kwa pwani yetu, kwa sababu niliyoieleza. Akina mama wa Umoja ambao hufika kanisani kabla ya wote wangeifanya kazi hii vizuri kuliko sisi wanaume.

Huku Namswea, ambako hatuna pwani, mahali pawe ni pale panapoonyesha mteremko wa mashamba na msitu juu yake.

KUZITUNZA

Picha iliyo ndani ya simu tu ni picha iliyokwisha kupotea, ila siku yake haijafika. Mwizi, maji, au mtoto anayecheza na simu, mmoja wao atakuja. Zihamishe angalau mara moja kwa mwezi kwenye simu ya ndugu mwingine, au kadi ya kumbukumbu inayowekwa mahali pakavu, au kompyuta ya ofisi ya parokia kama ipo. Zile chache zilizo bora zisafishwe kwenye karatasi.

Na nyuma ya karatasi andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino ambayo huvuja ikanyonywa mpaka upande wa pili: mahali, tarehe, mwaka, upande uliotazama, na majina ya watu waliomo. "Mama na dada ziwani" haitoshi. Dada yupi? Ziwani wapi? Ninayo nyumbani picha ya miaka ya 1960, watu sita mbele ya mtumbwi, wote wamevaa nguo za sikukuu. Mmoja ni baba yangu. Watano hakuna aliye hai anayewajua, na nyuma yake pameandikwa neno moja tu: "Sisi."

Zisiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, maana joto la pwani huzitia ukungu na hushikana. Bahasha ya karatasi ndani ya sanduku la bati lililo juu ya rafu inafaa zaidi.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya toleo lijalo, kila msomaji afanye mambo haya. Mkalishe mzee mmoja wa nyumbani kwako nje ya mlango saa kumi na moja jioni, jua likimpata ubavuni, umpige picha tatu ukimzungusha kidogo kila mara, kisha umwonyeshe achague mwenyewe. Uandike jina lake kamili na mahali alipozaliwa. Walio pwani wachague mwamba wao. Na atakayekuwa na picha yoyote ya zamani ya ziwa au ya milima yetu, hata iliyochanika, ailete kwa katekista wake baada ya ibada, ipigwe picha pale pale na kurudishwa mikononi mwake siku hiyo hiyo. Kama kuna anayewajua watu watano wale walio pamoja na baba yangu, nitaileta picha hiyo Jumapili ya kwanza ya mwezi, nami nitakuwa nimesimama karibu na mlango wa kaskazini.